Kupe Amebeba Mzigo Gani? Jinsi Vijidudu vya Maradhi Vinavyotafutwa

Wakulima katika skimu wanajua vema kwamba kupe huleta maradhi, na jambo hilo halihitaji kufundishwa tena. Lakini ukimwuliza mkulima ng'ombe wake alikufa kwa ugonjwa gani, mara nyingi atakujibu, "Aliuawa na kupe." Jibu hilo si la uwongo, ila halitoshi. Kupe ni mchukuzi tu. Neno la kuuliza ni hili: kupe huyo alikuwa amebeba mzigo gani?

Mizigo ya kupe ni ya namna nyingi, lakini kwa mkulima wa Kenya inafaa kwanza kuigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni protozoa. Hao ndio waletao ndigana kali, ambayo vijijini wengi huiita Isti Kosti, na pia ule ugonjwa wa kukojoa damu. Fungu la pili ni bakteria, ambao ni wadogo zaidi na wa maumbile mengine kabisa. Hao huleta ndigana baridi, na huleta ugonjwa wa maji-moyo unaoua ng'ombe, kondoo na mbuzi. Makala haya ni juu ya fungu hili la pili, na jinsi wataalamu wanavyovitafuta vijidudu hivyo ndani ya mnyama na ndani ya kupe mwenyewe.

Huenda ukasema, "Mimi ni mfugaji, hayo ya bakteria na protozoa yanihusu nini?" Yanakuhusu kwa sababu ya dawa. Oksitetrasaiklini, ile dawa ya rangi ya manjano inayouzwa karibu katika kila duka la dawa za mifugo, huwazuia bakteria. Ng'ombe mwenye ndigana baridi akidungwa mapema yaelekea atapona. Lakini ng'ombe aliyekwisha kushikwa na homa ya ndigana kali hataponywa na dawa hiyo. Yeye ahitaji buparvakwoni au dawa ya jamii yake. Naye anayekojoa damu ahitaji dawa nyingine tena. Tuseme basi una ng'ombe wawili wa gredi, na mmoja ameacha kula tangu jana. Ukinunua dawa isiyo yake, hupotezi fedha za dawa peke yake. Unapoteza siku mbili, na katika maradhi haya siku mbili ndizo zinazotenganisha ng'ombe aliye hai na ngozi iliyoanikwa.

Dalili husaidia, lakini hazitoshi. Maradhi yote haya huanza kwa homa, mnyama kuacha kula, na maziwa kupungua. Katika ndigana kali utaona matezi yamevimba chini ya sikio na mbele ya bega, na baadaye mnyama hupumua kwa shida. Katika ndigana baridi ufizi huwa mweupe, kisha huenda ukageuka manjano; kinyesi huwa kigumu, na mkojo hauna damu. Tena ugonjwa huu huwapiga ng'ombe wakubwa kwa nguvu zaidi kuliko ndama, jambo linalowashangaza wengi. Katika maji-moyo mnyama hufanya kama aliyerukwa na akili: hutembea akiinua miguu juu kupita kiasi, huzunguka mahali pamoja, hutafuna hali hana kitu mdomoni, kope humchezacheza, mwisho huanguka ubavu na kupiga miguu kama anayeogelea. Lakini wanyama hawakusoma vitabu. Wako wafao kwa maji-moyo kabla ya kuonyesha hata moja ya dalili hizo, na wako walio na maradhi mawili kwa wakati mmoja, maana kupe wa namna mbili walimnyonya. Ndiyo sababu hupimwa.

Tuanze na ndigana baridi, kwa kuwa upimaji wake ni rahisi kuueleza. Bakteria wake, Anaplasma marginale, hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Alielezwa mara ya kwanza na Arnold Theiler huko Afrika Kusini mwaka 1910. Theiler aliona vitone vidogo vya rangi nzito kwenye ukingo wa chembe, na jina "marginale" maana yake ni hiyo, cha ukingoni. Kwa miaka mingi kijidudu hicho kilihesabiwa pamoja na protozoa, na baadaye ndipo wataalamu walipoona kwamba ni bakteria. Basi usione haya kama hukuijua tofauti hiyo!

Ili kumwona, damu hupakwa kwenye kipande cha kioo chembamba kiitwacho slaidi. Kazi hii ni ya ofisa wa mifugo, lakini si ya siri, na mkulima aliye mbali na ofisi anaweza kufundishwa naye akaifanya vizuri. Nywele za ncha ya sikio hukatwa, ngozi husafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke, kisha mshipa mdogo huchomwa kwa sindano safi. Tone la damu liwe dogo, lisizidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Liweke karibu na mwisho mmoja wa slaidi. Shika slaidi ya pili, uiinamishe juu ya ile ya kwanza kama paa la kibanda, uirudishe nyuma mpaka iguse tone na damu itambae ukingoni mwake, halafu isukume mbele kwa mwendo mmoja bila kusita. Utando wa damu ukiwa mwembamba ipasavyo, utaweza kusoma maandishi ya gazeti kupitia kwake. Ukiwa mzito kama uji, anza tena, kwa maana chembe zitakuwa zimelaliana na hakuna atakayeziona.

Kausha slaidi kwa kuipunga hewani. Usiikaushe motoni. Ikikauka ifunge kwa karatasi safi upesi, kwani nzi na mende hupenda sana kulamba damu hiyo, na kuna slaidi zinazofika maabara zikiwa zimebakizwa alama za nzi tu. Andika namba ya ng'ombe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana slaidi itatumbukizwa katika methanoli na wino utayeyuka wote. Jambo lililo kuu kupita hayo yote: damu ichukuliwe kabla ya kumdunga mnyama dawa. Dawa ikishaingia, bakteria hupungua, na jibu litakalorudi kwamba "hakuna kilichoonekana" litakuwa la kweli lakini halitakusaidia.

Maabarani slaidi hutiwa rangi ya Giemsa. Rangi hiyo hugeuza chembe nyekundu kuwa za waridi hafifu, na bakteria huwa zambarau nzito. Mpimaji huitazama kwa darubini inayokuza vitu mara 1,000, akipita sehemu moja baada ya nyingine. Kazi hii yataka macho yenye subira. Uchafu wa rangi isiyochujwa nao huonekana kama vitone vyeusi, na mpimaji asiyezoea anaweza kumtangazia mkulima ndigana ambayo haipo.

Maji-moyo ni jambo gumu zaidi. Kwanza tumtambue mchukuzi wake. Huyu ni kupe mkubwa wa jamii ya Amblyomma, mwenye miguu yenye mistari myeupe, na dume wake ana mgongo wa rangi ya chungwa wenye alama nyeusi. Kwa macho ni kupe mzuri kuliko wote, kwa matendo sivyo. Mdomo wake ni mrefu, na kidonda anachokiacha kwenye kiwele huoza hata ng'ombe akapoteza chuchu. Hukaa zaidi mahali pa joto kuliko nyanda za juu zenye baridi. Hapa ndipo wenye skimu wanapopata hasara: mtamba wa gredi aliyekulia Kinangopu, ambaye hajamwona kupe huyo maisha yake yote, huuzwa kwa mkulima wa nchi ya chini, na baada ya wiki mbili au tatu hufa. Ng'ombe wa kienyeji waliomzunguka hawana neno, kwa kuwa waliumwa tangu udogo na miili yao ikajifunza. Jirani husema mtamba amelogwa.

Bakteria wa maji-moyo, Ehrlichia ruminantium, hakai ndani ya chembe nyekundu. Hukaa ndani ya chembe zinazotandika mishipa midogo ya damu kwa ndani, hasa mishipa ya ubongo. Ndiyo maana ukiipeleka slaidi ya damu ya sikio, darubini haitamwona. Ni lazima utafutwe ubongo wenyewe, yaani mnyama awe amekwisha kufa. Wakulima wengi huuliza, "Sasa kupima mzoga kuna faida gani?" Faida ni ya wale waliobaki zizini. Ukijua kwamba wa kwanza alikufa kwa maji-moyo, basi wa pili akipata homa hutangoja mpaka azunguke. Atatibiwa siku hiyohiyo, naye anaweza kupona.

Ofisa wa mifugo hutenganisha kichwa na shingo, na kwa kijiko kidogo hutoa kipande cha ubongo kupitia tundu la nyuma ya fuvu. Kipande kiasi cha kichwa cha kiberiti hubanwa kati ya slaidi mbili na kuburutwa, kikakauka, kikatiwa rangi ileile ya Giemsa. Chini ya darubini mishipa midogo huonekana kama vijia, na bakteria wamejikusanya ndani ya kuta zake kama mayai kiotani. Mtu wa kwanza kuwaona hivyo alikuwa E. V. Cowdry, huko Afrika Kusini mwaka 1925. Mwaka huohuo aliwaona pia ndani ya tumbo la kupe, na kwa hiyo shahidi na mshtakiwa wakakutanishwa. Kwamba kupe ndiye mchukuzi kulikuwa kumejulikana tangu mwaka 1900, wakati Charles Lounsbury alipowalisha kupe juu ya wanyama wagonjwa na kisha juu ya wazima katika koloni ya Cape, akangoja aone nani ataugua. Upimaji wa namna hiyo ulikula wanyama wengi na majuma mengi.

Hapa sharti nikuzuie mkono. Usikate kichwa cha mnyama wewe mwenyewe. Mnyama aliyefanya wazimu kabla ya kufa huenda alikuwa na kichaa cha mbwa, na mate na ubongo wake vyaweza kukuua. Tena mnyama aliyekufa ghafula, amevimba, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, huenda amekufa kwa kimeta. Huyo hapasuliwi, hachunwi, haliwi, wala hapewi mbwa. Mwite ofisa wa mifugo, na watoto wakae mbali. Ubongo wa maji-moyo mzoga ukiwa kivulini mahali pasipo na joto kali huweza kupimwa hata siku mbili baada ya kufa, kwa hiyo hakuna haja ya haraka ya kisu.

Sasa tumtazame kupe mwenyewe. Watu wa Afrika Mashariki walijua habari za namna hii kabla ya maabara kujengwa. Wasafiri wa misafara walimwogopa papasi, yule kupe wa nyumbani anayejificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kuwauma waliolala, kisha homa ikawashika, ikawaacha, ikarudi tena. Mwaka 1905 J. E. Dutton na J. L. Todd walionyesha katika Kongo kwamba papasi huchukua bakteria wa homa hiyo, na Dutton mwenyewe alishikwa nayo akafa mwaka huohuo huko Kasongo. Wakati uleule Robert Koch, aliyekuwa katika koloni ya Wajerumani ambayo leo ni Tanzania bara, aliwaona bakteria hao hata ndani ya mayai ya papasi. Yaani mama aliwarithisha wanawe.

Si kila bakteria hurithishwa hivyo. Wa maji-moyo kwa kawaida hapiti yaiini. Kupe mchanga mwenye miguu sita humpata kwa kumnyonya mnyama mgonjwa, huanguka, hujivua ngozi, na anapopanda mnyama mwingine humwambukiza. Anaweza kukaa na mzigo huo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo malisho yaliyokuwa na mgonjwa mwaka jana si salama kwa sababu tu ng'ombe waliondolewa msimu mmoja.

Njia moja ya zamani ya kumpima kupe aliye hai ilielezwa na Willy Burgdorfer mwaka 1970: mguu wa kupe hukatwa ncha, na kijitone cha maji yake hutiwa rangi na kutazamwa. Kupe huendelea kuishi, akapunguziwa mguu. Siku hizi maabara kubwa hutumia njia iitwayo PCR. Nitaieleza kama ningewaeleza watoto wa darasa. Kila kiumbe kina maandishi yake ya urithi ndani ya mwili, na katika maandishi ya kila bakteria kuna maneno ambayo wengine hawana. Kupe husagwa, maandishi yote yakatolewa, na ndani yake hutiwa dawa inayolitafuta neno moja tu. Ikilipata hulinakili, 1 huwa 2, 2 huwa 4, 4 huwa 8. Chukua penseli uendelee mwenyewe mpaka mara 30, utaona umepita 1,000,000,000. Basi hata kama bakteria walikuwa wachache mno, neno lao husikika. Isipokuwapo, hakuna kinachonakiliwa.

Kwa njia hii watafiti wa icipe, kituo kilichoko Kasarani, Nairobi, pamoja na wenzao, walipima kupe waliokusanywa kandokando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Baringo, na wengine kutoka Shimba Hills. Katika habari walizochapisha mwaka 2017 walieleza kwamba ndani ya kupe hao kulikuwa na bakteria wa jamii za Anaplasma, Ehrlichia na Rickettsia. Wa jamii ya Rickettsia baadhi yao huwapa watu homa. Mtu huumwa na kichwa, na mahali alipoumwa na kupe huota kigaga cheusi. Ukienda zahanati na homa ya namna hiyo, mweleze mhudumu kwamba uliumwa na kupe, asije akatafuta malaria peke yake. Wala usimpasue kupe kwa kucha.

PCR nayo ina mpaka wake. Kupe aliyetolewa juu ya ng'ombe amejaa damu ya ng'ombe huyo. Maabara ikimkuta na bakteria, pengine bakteria hao walikuwa wa ng'ombe, wala si wa kupe, na huenda kupe huyo hana uwezo wa kumwambukiza mwingine. Kwa sababu hiyo wanaotaka kujua hatari ya malisho hukokota kitambaa cheupe juu ya nyasi, na kuwakusanya kupe wenye njaa ambao hawajanyonya. Yafaa ukumbuke jambo hili mtu akikuonyesha karatasi na kusema kupe wako "wote wana ugonjwa".

Jambo jingine ni wabebaji. Ng'ombe aliyepona ndigana baridi huweza kubaki na bakteria wachache maishani mwake, ananenepa na kukamwa kama kawaida. Darubini haimwoni, PCR humwona. Kupe hunyonya kwake, na hata sindano moja iliyotumiwa kwa ng'ombe wengi, au kisu cha kukatia pembe kisichochemshwa, huweza kuichukua damu yake mpaka kwa jirani yake. Badilisha sindano kwa kila mnyama.

Ukiombwa kupeleka kupe, waondoe kwa koleo ndogo, uwatie katika chupa yenye spiriti ya asilimia 70. Usitumie formalini, kwa maana huharibu yale maandishi ya urithi. Kila mnyama awe na chupa yake. Sampuli hupitia ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe, nayo huzipeleka maabara za mikoa zilizoko Nakuru, Eldoret, Kericho, Karatina, Mariakani au Garissa, ama maabara kuu ya Kabete.

Mimi ni karani, na karatasi za kuandamana na sampuli ndizo kazi yangu. Ukweli ni kwamba nyingi zimeandikwa maneno mawili, "Ng'ombe mgonjwa." Mtu wa maabara hawezi kubahatisha. Andika umri wa mnyama na kama ni wa gredi au wa kienyeji. Andika alizaliwa kwako au alinunuliwa, na kama alinunuliwa, alitoka wapi na lini. Andika siku aliyoanza kuugua, joto la mwili kama lilipimwa, dawa aliyokwisha kupewa, siku aliyooshwa dawa ya kupe mara ya mwisho na jina la dawa hiyo. Kama wengine wamekufa, sema ni wangapi. Jibu likirudi, libandike katika daftari la ng'ombe pamoja na tarehe ya dawa aliyodungwa, ili ujue pia ni siku gani maziwa yake yanaweza kurudi katika mkebe wa kuuza.